Kibuyu, Chupa na Msokoto: Rekodi za Vileo Kitui na Makueni

Tunda kubwa kuliko yote kwenye miti ya Kitui haliliwi. Ni la mwegea, mti ambao Wakamba huuita mwatini. Linaning'inia kwa kikonyo kirefu, laweza kufika sentimita 60 na uzito wa kilo kadhaa, na likiwa bichi ni sumu. Lakini lipasue, lichemshe, litoe nyama na mbegu, lianike hadi likauke, nawe utabaki na nyuzi nyepesi kama dodoki. Nyuzi hizo zikitiwa katika maji ya asali, chombo kikawekwa karibu na moto, hamira iliyojificha ndani yake huamka. Baada ya siku moja au zaidi asali imekuwa kaluvu.

Nimeanza na tunda hilo kwa sababu siku hizi kila mtu anazungumzia soko halali la bangi kana kwamba ni jambo geni lililoshuka kutoka Colorado na Toronto: ni kiasi gani kinauzwa, nani anatumia, serikali itavuna kodi gani. Kitui na Makueni hazina duka hata moja la bangi halali, wala Kenya nzima haina. Lakini kuhalalisha kileo, kukipiga marufuku, kukirudisha na kukitoza kodi ni mambo ambayo Ukambani imeyaona tangu wakati wa ukoloni. Duka halali la bangi huuza kitu kimoja ambacho muuzaji wa kichochoroni hawezi kukutolea: kipimo. Mnunuzi anajua ndani mna nini, ni kiasi gani, na nani aliyekipima. Rekodi nilizozikusanya hapa zote zinarudi kwenye swali hilo la kipimo, na baadhi yake zimeandikwa kwa majina ya watu waliozikwa.

Mkongwe kuliko wote

Kaluvu ndiyo mzee wa vileo vya Ukambani. Ilipikwa kwa asali kabla ya sukari ya dukani kufika, kisha kwa miwa, na leo mara nyingi kwa sukari. Asali ilikuwepo tele: mizinga ya magogo ilitundikwa juu ya mibuyu na migunga kuanzia Kibwezi hadi Mwingi, na mpaka sasa Kitui hutajwa miongoni mwa maeneo makubwa ya asali nchini. Mwingi ilipata soko lake la asali kwa msaada wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, na asali ya wafugaji wadogo ikaanza kuchujwa, kupimwa na kufungwa kwenye mitungi yenye lebo.

Wakati huo wa zamani kaluvu ilikuwa na mpimaji, ingawa hakuwa na mashine. Gerhard Lindblom, mwanaanthropolojia kutoka Uswidi aliyeishi na Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliikuta pombe ikiwa haki ya wazee. Kijana hakuruhusiwa kukaa penye kibuyu. Alingoja aoe, apate watoto, apande ngazi za umri, na hata hapo alikunywa machoni pa watu waliomjua baba yake. Pombe ilikuwa na siku zake: kupokea mahari, kusuluhisha kesi, kumwaga tambiko. Mpaka leo, familia ikienda kutoa ntheo, yaani mbuzi wanaoifanya ndoa ya Kikamba itambulike, kileo cha wazee hakikosi kutajwa, hata kama mahali pake sasa panawekwa kreti za soda.

Sisemi kwamba wazee hawakulewa. Walilewa, na wake zao ndio waliobeba mzigo wa kutwanga miwa na kuchota maji. Ninachosema ni kwamba mpishi, mnywaji na hakimu waliishi kijiji kimoja. Aliyepika kaluvu mbaya asubuhi alikutana na walioinywa jioni.

Serikali ya kikoloni ilileta vibali na faini. Kenya huru ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1980 ikapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Kwa miaka 30 iliyofuata pombe hiyo ilipikwa vichakani na kando ya mito, usiku, na watu ambao hawakutaka kujulikana. Hapo ndipo mpishi na mnywaji walipoacha kujuana.

Soko kubwa na soko lenye kasi

Takwimu bora tulizonazo ni za NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, iliyofanya utafiti wa kitaifa mwaka 2022 kwa watu wa miaka 15 hadi 65. Rekodi ya ukubwa inashikwa na pombe bila mpinzani: watumiaji 3,199,119, yaani mtu mmoja kati ya wanane. Tumbaku inafuata na 2,305,929. Miraa, muguka ikiwemo, ina 964,737. Bangi ni ya mwisho kati ya hizo nne: 518,807, mtu mmoja kati ya 53.

Lakini tazama kasi. Utafiti huohuo ulikuta kwamba watumiaji wa bangi walikuwa wameongezeka kwa asilimia 90 katika miaka mitano. Soko linalokua haraka hivyo halina leseni, halina lebo, halina umri wa chini wa mnunuzi, na halilipi kodi. Kwa mzazi wa Wote kule Makueni au wa Mutomo kule Kitui, hiyo ndiyo habari. Mwanawe akinunua msokoto, hakuna anayeweza kumwambia una nguvu gani wala umechanganywa na nini.

Makueni ina sababu yake ya kuliangalia soko hilo kwa makini. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa inaikata kaunti hiyo kuanzia Salama, ikapita Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, na Emali ndipo inapoungana na barabara ya Loitoktok na mpaka wa Tanzania. Miji iliyokua kwa kuwalaza madereva huuziwa kila kinachopita.

Kilichoua wengi

Rekodi hii haishikwi na bangi wala kaluvu. Inashikwa na methanoli.

Methanoli ni spiriti ya viwandani, isiyo na rangi, na mdomoni haitofautiani sana na ethanoli ambayo ndiyo pombe ya kunywa. Ini likiipokea linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huanza na mishipa ya macho. Ndiyo maana walionusurika husimulia kwamba waliomba taa iwashwe wakati taa zilikuwa zinawaka. Mililita 30 zinaweza kuua mtu mzima. Hizo ni vijiko viwili vya chakula.

Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, zaidi ya watu 130 walikufa baada ya kunywa pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli. Juni 2005 zamu ikawa ya Machakos, jirani na ndugu wa Kitui na Makueni: karibu watu 50 walikufa, wengine wakapofuka. Baada ya msiba huo kila mtu aliapa kwamba hautarudiwa. Miaka tisa baadaye, mwanzoni mwa Mei 2014, ndani ya siku chache watu zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa. Embu iliumia kuliko zote, na Kitui na Makueni zote mbili zilikuwa kwenye orodha.

Kinachoniuma zaidi katika msiba wa 2014 ni tarehe yake. Ulitokea baada ya sheria kurekebishwa, si kabla. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wananchi waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, ilifuta marufuku ya chang'aa iliyodumu miaka 30. Ilikusudia mambo ya busara kabisa. Pombe iuzwe kwenye chupa, si kwenye kikopo cha mkebe. Chupa isipungue mililita 250, ili mtoto wa shule asiweze kununua kifuko kidogo kwa pesa za nauli. Mnunuzi awe amefikisha miaka 18. Baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi, zifungwe saa tano usiku. Na chupa iseme ndani yake mna nini.

Chupa ikasema. Lakini aliyeiandika lebo hakuwa amepima, na aliyepaswa kumpima hakufika. Mnywaji wa Makueni aliiamini lebo kama babu yake alivyomwamini mpishi wa kijijini, na imani hiyo ikamuua. Watetezi wa bangi halali husema lebo italeta usalama, nami nakubaliana nao kuhusu mahali ambako nyuma ya lebo kuna maabara inayofanya kazi kila siku, na mkaguzi anayelipwa vizuri asiweze kununuliwa. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa sensa ya 2019. Makueni ina watu 987,653. Tangu Katiba ya 2010, leseni za pombe ni kazi ya kaunti. Mtu akinieleza mpango wa kuhalalisha chochote, swali langu la kwanza ni moja tu: maabara ya kukipima itakuwa wapi, Kitui mjini au Nairobi, na majibu yatarudi baada ya saa ngapi?

Jani lenye haraka

Hakuna bidhaa Ukambani inayokimbizwa kama muguka. Kiini chake, kathinoni, huanza kuharibika mara jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi mlaji anatafuna majani tu. Kwa hiyo magari yanayoibeba kutoka Mbeere, ng'ambo ya Tana ukiwa upande wa Kitui karibu na bwawa la Kiambere, hayangoji mtu. Walio kwenye vibanda vya Kitui na Wote huitafuna kwa chingamu ya Big G au njugu ili kupunguza uchungu. Wanaoijua miraa ya Meru hukuambia muguka ni nafuu zaidi na ina nguvu zaidi, na ndiyo sababu imeiteka mifuko ya vijana.

Miraa yenyewe ni mzaliwa wa Makueni pia. Katika misitu ya Milima ya Chyulu, ambayo ni miongoni mwa milima michanga kuliko yote nchini, yenye mawe ya volkano yaliyomwagika mnamo 1856, mmiraa humea wenyewe bila kupandwa, na kwa miaka mingi watu wameupanda mlima kuukata, ingawa sehemu kubwa ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Maji yanayonywewa na msitu huo hutokea kwenye chemchemi za Mzima. Hasara ya mmiraa mmoja uliokatwa vibaya kule juu inaweza kumfikia mtu aliye mbali sana.

Miraa ndiyo pia inayotufundisha jinsi uhalali unavyoweza kubadilika mara mtu anapovuka mpaka. Uholanzi iliipiga marufuku Januari 2013, Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na soko la miraa iliyopelekwa huko kwa ndege likaanguka. Kenya ikajibu mwaka 2016 kwa kuitambua miraa kisheria kama zao la biashara. Mei 2024 ikawa vita ya ndani: Mombasa ilizuia muguka kuingia na kuuzwa, Kilifi na Taita Taveta zikaiunga mkono, serikali kuu ikasema amri hizo ni batili kwa kuwa zao hilo linalindwa na sheria ya kitaifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Jani lilelile likawa haramu kwa siku chache upande mmoja wa Mtito Andei, na halali upande wa pili. Wanawake wa Pwani walioandamana kuunga mkono marufuku walikuwa wanazungumza juu ya watoto wao. Wakulima wa Mbeere waliopinga walikuwa wanazungumza juu ya karo za watoto wao. Nazisikia pande zote mbili, na bado sijasikia mtu akiweka umri wa mnunuzi kwenye kibanda cha muguka na kuusimamia.

Kura, kifungo, na waliotangulia

Adhabu kali kuliko zote ni ya bangi. Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, aliyekutwa nayo aliweza kufungwa hadi miaka kumi hata kama ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yalipunguza adhabu hiyo hadi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa kijana wa Ikutha asiye na kazi, shilingi 100,000 na kifungo ni kitu kimoja.

Majaribio ya kuibadilisha sheria hayakufika mbali. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipendekeza mswada wake mwaka 2018 na akafariki mwaka uliofuata kabla haujaenda popote. Warastafari walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 wakidai haki ya kuitumia katika ibada. Ahadi kubwa kuliko zote ilitolewa na George Wajackoyah, mgombea wa urais mwaka 2022: kulipa deni la taifa kwa bangi. Alipata kura 61,969, asilimia 0.44, akawa wa tatu kati ya wagombea wanne. Na Desemba 2020, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura huko Vienna kuitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari kabisa zisizo na faida ya tiba, azimio lilipita kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilikuwa upande wa 25.

Duniani, nchi ya kwanza kuhalalisha soko zima ilikuwa Uruguay, Desemba 2013, na ikauza kwenye maduka ya dawa kwa mgao: gramu 40 kwa mwezi. Colorado ilifungua maduka tarehe 1 Januari 2014, Kanada Oktoba 2018, Ujerumani ikaruhusu matumizi ya binafsi Aprili 2024. Afrika, Lesotho ilikuwa ya kwanza kutoa leseni za kilimo, mwaka 2017. Zikafuata Zimbabwe na Malawi, na Rwanda, mwenzetu wa Afrika Mashariki, ikaidhinisha kilimo cha bangi ya tiba ya kuuza nje tu. Mtindo wa matumizi nao umebadilika: Marekani na Kanada wengi bado huvuta moshi, lakini vitafunio, vinywaji na mvuke vimezidi kupata watumiaji. Hapo ndipo sheria ya Kanada inaponivutia. Kifurushi cha vitafunio hakiruhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, kiini cha bangi kinacholevya, kwa sababu kitu kinacholiwa huchelewa kupanda kichwani, na mlaji huongeza kingine akidhani cha kwanza hakikufanya kazi.

Ndoto kubwa ya mkulima

Zao kubwa halali la Makueni ni embe. Kati ya Desemba na Machi maembe hujaa Wote, Kathonzweni na Mbooni hadi mkulima anauza kwa bei aliyotajiwa na dalali, au anayaacha yaoze chini ya mti. Kiwanda cha kaunti cha Kalamba, kilichoanza kazi mwaka 2017, kilijengwa ili maembe hayo yageuzwe rojo na kuwekwa badala ya kutupwa. Mtu aliyeona embe nzuri ikioza anajua vizuri kuliko mchumi yeyote kwamba zao lenye mavuno mengi si lazima liwe lenye faida.

Ndiyo maana ningependa mkulima wa Nzaui asikie habari ya Oregon kabla ya kusikia ahadi za bangi. Jimbo hilo la Marekani lilihalalisha, likatoa leseni kwa kila aliyetimiza masharti, na ilipofika 2018 wakulima walikuwa wanazalisha mara mbili ya kile ambacho wateja wa ndani waliweza kununua. Bei ikaanguka, leseni mpya zikasimamishwa, na waliokuwa wamewekeza kwenye bangi wakabaki na hasara. Huko Lesotho na Rwanda leseni za kuuza nje zinadai uzio, walinzi, kamera na maabara. Mwenye ekari tatu za ndengu hana hivyo vyote. Ataingia katika soko hilo kama kibarua, kama alivyoingia kwenye mashamba ya mkonge.

Soko dogo kuliko yote

Kuna kileo kimoja halali ambacho mara nyingi hakitajwi, nacho ni ugoro. Tumbaku ilitawaliwa na sheria mwaka 2007, ikawekewa maonyo na marufuku ya kuuzia watoto, lakini ugoro wa sokoni uliendelea njia yake. Hunuswa na wazee na hasa akina mama wakongwe, wengine wakiuita mbaki, na una nikotini ileile ya sigara na madhara yake.

Siku ya soko, pembeni pa wauza ndengu na mtama, nimemwona bibi ameketi juu ya gunia, mkebe wa ugoro mapajani. Mteja akija, bibi huchota kwa ncha ya kijiko, humpa kidogo kiganjani anuse kwanza. Mteja akipiga chafya na kuitikia kwa kichwa, ndipo anapimiwa kijiko kimoja au viwili kwenye kikaratasi, na bibi humuuliza habari za nyumbani, mama yake amepona vipi mguu. Kijana wa miaka kumi na mitano akinyoosha mkono, bibi hufunika mkebe.